Printa Haipumziki Peke Yake



Ndugu wasomaji, katika nyumba nyingi za pwani yetu siku hizi, kando ya cherehani ya mama kumewekwa mashine nyingine: printa ya wino iliyogeuzwa matumizi. Iliundwa ichape barua na picha za karatasi. Mikononi mwa akina mama wetu imekuwa ikichapa fulana za madrasa, vikombe vya zawadi za arusi, mifuko ya kutilia halua, na hata picha za kuwekwa juu ya keki. Ni mlango wa riziki ambao mwanamke aweza kuufungua akiwa nyumbani kwake, huku akiwasikia watoto wake wakidurusu.

Mengi husemwa juu ya namna ya kuigeuza mashine hii na kuitumia. Machache mno husemwa juu ya namna ya kuiacha. Na maisha yetu yamejaa nyakati za kuacha kazi: kumi la mwisho la Ramadhani, safari ya Umra, arubaini ya uzazi, uuguzi wa mzazi, matanga, eda. Makala haya yanahusu nyakati hizo. Twayaandika tukiwa watu waliopoteza mashine kwa kutojua, wakajifunza kwa hasara, na hawapendi mwenzao apitie njia ile ile.

YALIYOTUFIKA

Sisi ni akina mama saba wa mtaa mmoja hapa Mombasa. Kwa muda mrefu tulichangishana kila mwezi, kidogo kidogo, mpaka tukaweza kununua printa ya rangi sita iliyokwisha kugeuzwa kwa kazi ya nguo, pamoja na mashine ya joto ya kubandikia. Tuliziweka katika chumba cha uani nyumbani kwa mmoja wetu. Miongoni mwetu alikuwako mmoja aliyekuwa na mkono wa kazi hiyo. Yeye ndiye aliyejua kupanga picha, kujaza wino, na kuisikiliza mashine kama mama amsikilizavyo mtoto anayekohoa usiku. Tulimwita Fundi, na hapa tutamwita vivyo hivyo, kwa kuwa jina lake ni lake. Sisi wengine tulitafuta wateja, tukakata filamu, tukapiga pasi na kukunja.

Mwaka juzi, katika mwezi wa Rajabu, mumewe Fundi akafariki dunia. Tulikwenda kumpa makiwa, tukakaa naye siku za matanga, naye akaingia eda ya miezi minne na siku kumi. Chumba cha mashine kilikuwa nyumba ya nne kutoka kwake, lakini kwa aliye katika eda nyumba ya nne ni mbali. Mmoja wetu aliizima printa kwa swichi ya ukutani, akaifunika leso, akafunga mlango. Tulisema: mashine haili wala hainywi, itangoja.

Hakuna aliyethubutu kumwuliza Fundi habari za mashine. Kila Ijumaa tulimtembelea, tukampelekea chakula, tukakaa naye, tukaondoka. Kutaja wino mbele ya mfiwa tuliona ni utovu wa adabu. Ramadhani ikaingia, nasi tukazidi kuisahau.

Eda ilipokwisha, mwishoni mwa Dhul-Qaada, Fundi alirudi kazini akiwa na watoto watatu wanaomtegemea yeye peke yake. Kazi ilikuwa ikimngoja. Madrasa moja ilikuwa imekwisha kutuletea arubuni ya fulana za watoto kwa matembezi ya Iddi Kubwa. Akafungua mlango, akawasha mashine, akachapa karatasi ya majaribio. Rangi nyeupe haikutoa hata mstari mmoja. Nyeusi ilitoka nusu. Manjano ilitoka vipande vipande, kama maandishi yaliyofutwa na mvua.

Tuliyoyafanya baada ya hapo yaliongeza hasara. Tuliiamuru mashine ijisafishe mara tisa mfululizo, tukamaliza wino bila ya kupata nafuu. Siku ya tatu mmoja wetu alijaza bomba la sindano maji ya moto kutoka mferejini, akayasukuma kwa nguvu ndani ya kichwa cha printa. Maji yalipenya hadi kwenye nyaya zake. Mashine ilipowashwa, taa zote zilimetameta kwa pamoja, na kichwa hakikusogea tena.

Tulirudisha arubuni ya watu. Fundi alikaa miezi miwili zaidi bila ya kipato mpaka tulipoweza kuchangishana kununua kichwa kingine. Siku ile ya kurudisha arubuni alituambia neno ambalo hatujalisahau:

“Wenzangu, mngeniuliza. Nilikuwa nikikaa mle ndani mchana kutwa sina la kushika. Ningewaandikia kila hatua kwa mkono wangu. Mlinihurumia katika kila jambo, isipokuwa lile ambalo lingenifaa mimi na wanangu.”

KWA NINI MAPUMZIKO HUIDHURU MASHINE

Cherehani ikiachwa miezi minne, hutiwa mafuta, hufutwa vumbi, ikaendelea na kazi. Printa ya wino haiko hivyo, kwa sababu ndani yake mna kitu kibichi. Kichwa chake kina mamia ya vitundu vyembamba kuliko unywele, na kila kitundu kimejaa wino wakati wote, hata mashine ikiwa imezimwa. Maji yaliyomo katika wino yakikauka kwenye mdomo wa kitundu, kinachobaki ni rangi na utomvu wake, na mdomo huziba.

Mashine zilizogeuzwa kwa kazi ya nguo zina tatizo la pili, nalo ni zito zaidi. Printa ya picha yenye rangi sita hutumia nyeusi, samawati, zambarau-nyekundu na manjano, pamoja na samawati nyepesi na zambarau-nyekundu nyepesi. Inapogeuzwa, njia mbili za rangi nyepesi ndizo aghalabu hupewa wino mweupe. Rangi huchapwa kwanza juu ya filamu, nyeupe hufuata juu yake, kisha hunyunyizwa unga wa gundi, ukayeyushwa kwa joto, na picha ikabandikwa kwenye nguo. Bila ya nyeupe, picha juu ya fulana nyeusi haionekani.

Weupe wa wino huo hutokana na madini yaitwayo titani dioksidi, yale yale yanayotiwa katika rangi za kupakia kuta. Chembe zake ni nzito takriban mara nne kuliko maji. Kila mmoja wetu amekwisha kuona ndoo ya chokaa iliyoachwa usiku kucha: asubuhi maji yako juu, na chini kuna tope zito. Wino mweupe hufanya vivyo hivyo, tena si katika tangi pekee. Hutuama ndani ya mirija, hutuama ndani ya dampa, yaani vile vijisanduku vidogo vinavyochuja wino kabla haujafika kichwani, na mwisho hutuama ndani ya kichwa chenyewe. Baadhi ya mashine huwekewa pampu ya kuukoroga wino. Ni msaada mzuri, lakini pampu hukoroga pale ilipowekwa tu, na stima isipokuwapo haikorogi kitu.

Kuna na jambo la hali ya hewa. Watengenezaji wengi wa wino hupendekeza chumba chenye joto la kati ya nyuzi 20 na 28 hivi, na unyevu wa wastani. Mombasa katika upepo wa kaskazi, mwezi wa Februari na Machi, mchana hufika nyuzi 32 au 33, na chumba cha mabati hupita hapo. Unyevu wa bahari hutusaidia kidogo wino usikauke upesi, lakini feni iliyoelekezwa kwenye mashine huuondoa msaada huo. Unyevu huo huo hauufai unga wa gundi, ambao hushikana mabonge, wala filamu, ambazo hugandana. Kwa hiyo unga na filamu huwekwa ndani ya chombo kilichofungwa barabara, na printa huwekwa mbali na dirisha la jua na mbali na feni.

KOSA LA SWICHI YA UKUTANI

Kosa letu la kwanza lilikuwa siku ile ile ya kufunga mlango, na twaona nyumba nyingi hulifanya kila jioni bila ya kujua. Printa ikizimwa kwa kitufe chake yenyewe, kichwa hurudi upande wake wa kupumzikia, kikaketi juu ya kifuniko laini cha mpira kinachovizuia vitundu visipate hewa. Ikizimwa kwa swichi ya ukutani katikati ya kazi, kichwa hubaki wazi pale pale kilipo, kama sufuria ya uji iliyoachwa bila mfuniko.

Basi kanuni ya kwanza: zima kwa kitufe cha mashine, ngoja mpaka milio yote iishe na taa izimike, ndipo uzime ukutani. Na stima ikikatika au tokeni zikiisha mashine ikiwa inachapa, usiseme “tutaendelea kesho.” Umeme ukirudi tu, hata kama ni usiku, iwashe, iache ijirudishe mahali pake, kisha uizime kwa kitufe. Aliye na uwezo na anunue kifaa kidogo cha akiba ya umeme, kinachompa dakika chache za kuizima mashine kwa utaratibu.

MAPUMZIKO YA SIKU MOJA HADI TATU

Kwa mapumziko mafupi, kama ya Ijumaa au ya siku za Iddi, kinachotakiwa ni dogo. Kabla ya kufunga, chapa karatasi ya majaribio ya vitundu, ile yenye mistari midogo ya kila rangi, uhakikishe imetoka kamili. Panguza ukingo wa kifuniko cha mpira na kile kiulimi cha kufutia kichwa, kwa pamba isiyoacha nyuzi iliyoloweshwa dawa ya kusafishia ya wino wa nguo. Tia matone machache ya dawa hiyo ndani ya kifuniko ili kichwa kilale juu ya unyevu. Kisha zima kwa kitufe.

Utakaporudi, kwanza ukoroge wino mweupe taratibu. Tumesema taratibu kwa sababu ukiukoroga kwa pupa huingia mapovu, na povu likiingia katika mrija hukata mkondo wa wino, nawe ukadhani vitundu vimeziba. Uache utulie kidogo, ndipo uchape karatasi ya majaribio.

Hapa tuna nasaha moja ya adabu. Karatasi za majaribio mwisho wake ni jaa. Tusijaribu mashine kwa picha yenye jina la Mwenyezi Mungu, aya, au jina la Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Mistari ya majaribio iliyomo ndani ya mashine yenyewe yatosha, nayo humaliza wino kidogo zaidi.

MAPUMZIKO YA SIKU NNE HADI WIKI MBILI

Kwa muda huu mashine yahitaji mtu. Hakuna dawa wala kifuniko kitakachochukua nafasi yake. Kila siku, au angalau siku moja baada ya moja, mtu huyo ataiwasha, atakoroga wino mweupe, atachapa kipande kidogo chenye rangi zote pamoja na nyeupe, atatazama mistari, ataizima kwa kitufe. Kazi nzima haizidi robo ya saa. Mtoto wa miaka kumi na minne aliyefundishwa vizuri aweza kuifanya.

Katika Ramadhani sisi tumeichagulia saa baada ya Alasiri, kabla ya harakati za futari. Tumeona kwamba jambo lililofungamanishwa na swala halisahauliki kwa urahisi.

Mistari ikipungua, iamuru mashine ijisafishe mara moja, kisha ujaribu tena. Isiporudi, mara ya pili. Mara ya tatu iwe ya mwisho kwa siku hiyo. Iache na unyevu ndani ya kifuniko kwa saa kadhaa au hadi asubuhi, kwani aghalabu wino uliokauka hulainika wenyewe ukipewa muda. Kila usafishaji hunywa wino, na wino huo huenda kwenye sponji la taka lililo chini ya mashine. Sponji likijaa, au hesabu yake ikitimia, mashine hukataa kazi. Sisi tulisafisha mara tisa kwa kuwa tulikuwa na hofu, na hofu si fundi.

MAPUMZIKO YA ZAIDI YA WIKI MBILI

Hapa ndipo eda, arubaini, safari ndefu na maradhi huingia. Ikiwa hakuna atakayeiwasha mashine kila baada ya siku moja au mbili, iondoe wino ndani yake kabla hujaiacha. Hatua zake ni hizi:

Kwanza, chapa majaribio. Usiilaze mashine iliyokwisha kuanza kuziba, kwani utaiamsha ikiwa imeziba zaidi.

Pili, utoe wino mweupe katika tangi zake, uurudishe katika chupa safi yenye mfuniko, uiandike tarehe. Ikiwa mapumziko yatakuwa ya miezi, fanya hivyo kwa rangi zote.

Tatu, mimina dawa ya kusafishia katika tangi tupu, uivute kupitia mirija na dampa mpaka itoke nyeupe kama maji. Ivute polepole, kwa bomba la sindano au kwa usafishaji wa mashine yenyewe. Tumia dawa inayolingana na aina ya wino wako, ununue kwa yule yule anayekuuzia wino, kwa maana wino na dawa zisizopatana huweza kugandana ndani ya mirija.

Nne, uiache mirija na kichwa vikiwa vimejaa dawa hiyo. Usiviache vikavu. Kichwa kikavu chenye mabaki kidogo ya wino ni kibaya kuliko kilichojaa.

Tano, safisha kifuniko na kiulimi, tia dawa ndani ya kifuniko, zima kwa kitufe, funika mashine kwa shuka safi dhidi ya vumbi na chumvi ya bahari. Mara moja kwa juma mtu atazame kama kifuniko bado kina unyevu, aongeze matone.

Katika hatua zote hizi, maji ya kisima yasikaribie mashine. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na hata ya mferejini huacha ukoko, kama tunavyouona ndani ya birika. Palipo na haja ya maji, yawe yale yaliyosafishwa kwa mvuke. Anayenunua maji ya betri dukani na asome chupa vizuri, asije akabeba tindikali ya betri akidhani ni maji.

KUIAMSHA

Anayerudi na arudi bila ya haraka. Fungua chupa ya wino mweupe, utazame chini. Ukikorogeka ukawa sawasawa, usio na mabonge, waweza kutumika ikiwa tarehe ya chupa haijapita. Ukibaki na tope lisilochanganyika, umwage. Chupa moja ya wino ni rahisi kuliko kichwa. Toa dawa katika tangi, tia wino, uvute mpaka dawa yote itoke na rangi ije kamili, kisha uache mashine itulie usiku mmoja kabla ya kazi ya mteja. Usipokee arubuni kabla hujaiona mistari imetimia.

Na vitundu vikiwa vimeziba, usisukume kwa nguvu. Ndani ya kichwa mna kuta nyembamba mno na nyaya za umeme. Weka dawa, ngoja, vuta polepole, ngoja tena. Subira hapa ina thamani ya fedha taslimu.

WENYE VIKOMBE NA WENYE KEKI

Wapo akina mama waliogeuza printa kwa wino wa vikombe, ule unaohamishwa kwa joto. Wino huo hauna madini mazito ya nyeupe, lakini nao una chembe za rangi zinazotuama polepole. Kanuni za kitufe, za kifuniko chenye unyevu na za majaribio ya kila baada ya siku mbili zawahusu pia.

Kwa wenye printa za keki twaongeza jambo la afya. Mashine ya wino unaoliwa lazima iwe imeanza na wino huo tangu ilipokuwa mpya. Iliyowahi kutiwa wino wa kawaida haifai kwa chakula hata ikioshwa vipi. Na wino wa keki ukikaa bila ya kutumika huweza kuharibika kama chakula kingine chochote. Basi wakati wa mapumziko marefu utolewe, mashine ioshwe kwa dawa iliyoruhusiwa kwa chakula, na wino uliopitwa na tarehe utupwe.

DAFTARI NA MTU WA PILI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya yaliyotufika, Fundi alinunua daftari la kurasa mia, akaandika humo kwa Kiswahili kizuri kila hatua tuliyoitaja. Upande mmoja kuna michoro: hiki ni kifuniko, hiki ni kiulimi, dampa ziko hapa. Upande wa pili kuna safu nne: tarehe, aliyewasha, mistari iliyokosekana, kilichofanywa. Daftari linaning'inia kwa uzi kando ya mashine. Mwisho wa kila ukurasa ameandika: “Ukikwama niulize, hata nikiwa na nini.”

Tumejiwekea pia kwamba kazi yoyote ya kikundi isijuliwe na mtu mmoja. Kila mmoja ana mtu wa pili, na mtu wa pili hufanya kazi hiyo kwa mkono wake angalau mara moja kila mwezi huku mwenye ujuzi akitazama tu bila ya kugusa. Mwanzoni Fundi aliona uzito kukaa kando akituangalia tukimwaga wino. Sasa hucheka.

Mwaka huu jaribio limetujia. Binti yake Fundi aliyeolewa Lamu alijifungua, naye akaenda kumlea kwa siku arubaini. Kabla ya kuondoka tuliiosha mashine pamoja, njia za nyeupe na za rangi, tukaijaza dawa, tukaifunika. Kila Ijumaa mmoja wetu aliinua shuka, akatia matone, akaandika jina lake katika daftari. Aliporudi tuliiamsha kwa siku mbili bila ya pupa. Karatasi ya kwanza ilikosa mistari minne ya manjano. Tulisafisha mara moja, tukanywa chai, tukajaribu tena, mistari yote ikatimia. Juma lile lile tulichapa fulana za ile ile madrasa tuliyoirudishia arubuni.

Ndugu wasomaji, mali ya kikundi ni amana mikononi mwa kila aliyechangia, na riziki ya mjane iliyomo ndani yake ni amana nzito zaidi. Tulidhani heshima kwa mfiwa ni kumnyamazia. Twajua sasa kwamba mtu aliyeketi na huzuni aweza kupata faraja akiulizwa jambo analolijua vizuri. Basi kama jioni hii kuna printa imefunikwa leso katika nyumba yako au ya jirani yako, inua leso hiyo uitazame. Na kama mwenye kuijua yuko katika eda, au amelala kitandani, mbishie hodi, umpe salamu, kisha umwulize.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awafariji waliobaki, na atie baraka katika kazi za mikono yetu. Wabillahi tawfiq.